FUNDI WA NYUMBANI: Kompyuta Nayo Hupimwa Homa

Mtoto akichemka usiku, mama humwekea kiganja kwenye paji la uso, akajua kuwa mwili una moto. Asubuhi wafikapo zahanati, muuguzi hatosheki na kiganja hicho. Hutia kipimajoto kwapani, akasoma nyuzi, akaziandika katika kadi, na kesho yake akazisoma tena. Kiganja husema kwamba moto upo. Kipimajoto husema ni moto wa kiasi gani. Na kadi husema kama unapanda au unashuka. Kompyuta, ambayo siku hizi imeingia katika nyumba nyingi za askari, nayo ina homa zake, na kipimajoto chake kimo ndani yake tangu ilipotoka kiwandani. Wenye nyumba wengi hawajui kwamba kimo. Na wale wajuao, aghalabu hukisoma vibaya, wakapeleka fedha mahali pasipohitaji fedha.

Kisa cha jamaa ya koplo mmoja wa polisi chaweza kuwafaa wengine.

Koplo huyo alihamishwa kutoka Kabale kwenda Gulu. Kabale ni mji wa milimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko blanketi haliondoki kitandani mwaka mzima. Gulu iko kaskazini, kwenye kimo cha mita 1,100 hivi, na baina ya Desemba na Februari jua huwa kali, na vumbi jekundu huingia hata katika sanduku lililofungwa. Mkewe alifika na kompyuta ya mezani aliyoinunua kwa akiba yake mwenyewe, akafungua kibanda cha kupiga chapa karibu na lango la kambi. Watu walimletea barua za maombi ya kazi, taarifa za vyama vya akina mama, na zaidi ya yote mitihani ya shule ya msingi iliyo jirani. Kutokana na kibanda hicho ndipo ilipopatikana karo ya mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa kidato cha nne.

Mwezi wa Februari mashine ikaanza kuugua. Asubuhi ilifanya kazi bila taabu. Ilipofika saa nane mchana ikawa nzito, herufi zikawa zinachelewa kutokea kwenye kioo, kisha ikazimika ghafla kama taa iliyopulizwa. Kazi ya saa nzima ilipotea. Wakati huo mkononi mwake palikuwa na mitihani ya mwanzo wa muhula, ambayo ilitakiwa shuleni siku ya Ijumaa.

Fundi mmoja wa mjini alisikiliza maelezo, na bila kuifungua mashine akasema kwamba kisanduku cha umeme kilichomo ndani yake kimekufa, akataja bei ya kipya. Bei hiyo ilikuwa karibu sawa na karo iliyobaki kulipwa.

"Mama Watoto," alisema koplo jioni ile, "heri tununue hicho kisanduku. Shule ikipeleka kazi yake kwingine haitarudi."

"Na mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, Baba Watoto, atasomea kibandani?" akauliza mkewe.

Koplo hakuwa na jibu.

*Mashahidi waliomo ndani*

Kesho yake alifika kibandani jirani yao, sajini mstaafu wa jeshi aliyetumika miaka mingi katika kikosi cha mawasiliano, akiwa na barua ya kupigwa chapa juu ya malipo yake ya uzeeni. Alipoambiwa habari ya mashine alitikisa kichwa. "Mama," alisema, "mumeo ni polisi. Je, yeye humtia mtu ndani kabla ya kuchukua maelezo ya mashahidi? Mashine hii ina mashahidi wake. Waulizeni kwanza."

Mzee huyo alisema kweli. Ndani ya kompyuta mna vipimio vidogo vya namna tatu: vya joto, vya nguvu ya umeme, na vya mwendo wa feni. Historia yake si ya jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilibuni njia ya nyaya mbili tu, iitwayo I2C, ambayo kwayo chipu huweza kusemezana ndani ya chombo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya National Semiconductor ya Marekani ikatoa chipu zilizoitwa LM75 na LM78. Ya kwanza ilipima joto peke yake. Ya pili ilipima joto, volti na feni pamoja. Mwaka 1995 Intel ikatoa njia ya jamii ile ile ya nyaya mbili, ikaiita SMBus, na tangu hapo watengenezaji wa bodi kuu za kompyuta wakazoea kuziwekea walinzi hawa. Programu ya lm-sensors, itumiwayo katika mfumo wa Linux, imechukua herufi zake mbili za mwanzo kutoka chipu hizo. Kwa wale watumiao mfumo wa Windows, zipo HWMonitor na HWiNFO. Kazi yake yote ni moja: kwenda kwa walinzi, kuwauliza wameona nini, na kuandika majibu kwenye kioo.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo ina kipimio chake ndani ya mwili wake. Prosesa nyingi za nyumbani zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, baadhi chini kidogo ya hapo. Ikikaribia kikomo hicho hupunguza mwendo wake yenyewe ili ipoe. Na joto likizidi kupanda, mashine huzimika isije ikaungua. Jambo hili halikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2001 jarida la Tom's Hardware lilionyesha filamu ya prosesa zilizoondolewa vipoozeo vyake zikiwa kazini. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo na kunusurika. Athlon za AMD za wakati huo ziliungua kwa muda mfupi sana, moshi ukaonekana. Tangu hapo kinga ya namna hiyo imekuwa jambo la kawaida kwa kampuni zote mbili.

Kwa hiyo mashine inayokuwa nzito kwanza, kisha ikazimika, tena mchana wakati wa jua kali, imekwisha kutoa nusu ya ushahidi wake kabla ya kuulizwa.

*Shahidi mwongo na shahidi mkweli*

Mtoto wa kwanza, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, alitia programu katika mashine, akaiamuru iandike vipimo vyote katika faili kila baada ya sekunde chache. Hilo lilikuwa wazo zuri, kwa sababu mashine ikizimika, kioo husahau, lakini faili hukumbuka. Mzee alileta kipimajoto cha ukutani kutoka nyumbani kwake, wakakitundika kibandani. Kilionyesha nyuzi 33.

Majibu yalipotokea, kijana alishtuka. Kipimio kimoja cha joto kilionyesha nyuzi 127. Mstari wa volti 12 ulionyesha 7.9. Feni moja ilionyesha sifuri.

"Mama, fundi wa mjini alisema kweli!" akasema. "Tazama, umeme umeanguka mpaka 7.9."

"Taratibu, mwanangu," akasema mzee. "Mashine iliyo na nyuzi 127 ndani yake ingekuwa inatoa harufu. Na diski ya mashine hii huzungushwa kwa volti 12, ingepewa 7.9 tu, isingewaka asubuhi wala jioni. Shahidi akisema jambo lisilowezekana, si lazima awe mwovu. Pengine ameulizwa vibaya."

Hapa ndipo wengi hupotea, nayo yafaa ielezwe kwa utulivu.

Namba 127 ndiyo kubwa kuliko zote iwezayo kuandikwa kwa hesabu ya biti nane yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ndogo kuliko zote ni 128 chini ya sifuri. Chipu ya ulinzi huwa na miguu mingi, na mtengenezaji wa bodi hafungi kipimio katika kila mguu. Mguu mtupu aghalabu hujibu kwa namba ya mwisho kabisa, juu au chini. Basi aonaye 127 isiyobadilika, au 128 chini ya sifuri, na ajue kwamba mara nyingi hapo hapana kipimio chochote.

Volti zina hadithi yake. Chipu haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja. LM78, kwa mfano, hupima mpaka volti 4 hivi tu. Kwa hiyo mtengenezaji wa bodi hupunguza umeme huo kwa rezista mbili, mathani ukawa robo yake, yaani volti 3. Kisha programu hutakiwa kuzidisha kwa nne ili ipate 12. Lakini kila mtengenezaji huchagua rezista zake, na programu isipojua ni zipi, huzidisha kwa namba nyingine, ikaleta jibu la uongo kwa uso mkavu. Chipu haikukosea, aliyekosea ni mkalimani.

Mzee alikwenda kuchukua mita yake ya umeme. Alipima waya wa manjano unaokwenda kwenye diski, mashine ikiwa inawaka, akapata volti 12.1. Kanuni ya ATX, ambayo kompyuta za mezani zimeifuata tangu 1995, kwa miaka mingi imeruhusu waya huo uzidi au upungue kwa asilimia 5, yaani kati ya volti 11.4 na 12.6. Waya wa volti 5 huruhusiwa kati ya 4.75 na 5.25. Kisanduku cha umeme kilikuwa kizima.

Na feni ya sifuri? Walipochungulia, waliona kwamba mahali hapo pa bodi hapakuwa na feni iliyofungwa. Feni ya prosesa ilikuwa mahali pengine katika orodha, ikionyesha mizunguko 2,900 kwa dakika.

Wakabaki na shahidi mmoja ambaye maneno yake yalilingana na yaliyoonekana kwa macho. Prosesa ilionyesha nyuzi 71 ikiwa imepumzika. Mama alipoanza kupiga chapa na kutoa nakala, ikapanda mpaka 90, kisha 98. Ilipofika 100 herufi zikaanza kuchelewa. Dakika chache baadaye mashine ikazimika. Walipoiwasha tena jioni, mstari wa mwisho wa faili ulikuwa pale pale: saa nane na dakika ishirini, joto la prosesa likiwa juu ya kikomo, na feni ikizunguka kwa nguvu zake zote.

"Feni inazunguka," akasema mama, "na bado kuna moto. Basi upepo unakwenda wapi?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe.

*Vumbi*

Mashine ilichomolewa kabisa kutoka ukutani, ikafunguliwa. Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na juu yake feni inayopuliza hewa ipite katikati ya mapezi hayo. Katikati ya mapezi palikuwa pamejaa vumbi jekundu, limeshikamana kama udongo wa kukandika ukuta. Feni ilikuwa ikipiga upepo juu ya ukuta. Huko Kabale vumbi kidogo lililoanza kukusanyika halikuonekana, kwa sababu hewa yenyewe ilikuwa baridi. Gulu ikaongeza vumbi na joto kwa pamoja.

Walisafisha kwa brashi laini ya kupakia rangi, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke ovyo. Hawakutumia maji, wala kitambaa chenye unyevu. Dawa ya kupitishia joto, iliyo kati ya prosesa na alumini, ilikuwa imekauka na kupasuka. Waliifuta kwa spiriti, wakaweka mpya kiasi cha punje moja ya dengu, maana ikizidi haisaidii. Dawa hiyo ndiyo kitu pekee walichokinunua, nayo bei yake haikukaribia ya kisanduku cha umeme.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 33 kama jana. Prosesa ilionyesha 46 ikiwa imepumzika, na 74 ikiwa kazini. Mitihani ilifika shuleni Alhamisi jioni.

*Daftari la nyumbani*

Kabla ya kwenda zake, mzee alimwomba kijana daftari la shule lililobaki kurasa chache, akamwonyesha jinsi ya kulipanga. Mpango huo unaweza kufuatwa katika nyumba yoyote.

Mara moja kila mwezi, saa ile ile, na mashine ikifanya kazi ya namna ile ile, yaandikwe mambo matano: joto la chumba, joto la prosesa ikiwa imepumzika, joto lake baada ya nusu saa ya kazi, volti za mstari wa 12 wakati wa mapumziko na wakati wa kazi, na mwendo wa feni. Kisha joto la chumba litolewe katika joto la kazi. Namba inayobaki ndiyo yenye maana kubwa. Katika kibanda kile, kabla ya kusafisha, 98 kutoa 33 ilileta 65; baada ya kusafisha, 74 kutoa 33 ilileta 41. Chumba kikiwa cha moto zaidi, prosesa nayo hupanda karibu kwa kiasi hicho hicho, bila ya kuwa mgonjwa. Kwa hesabu hii, jamaa iliyohamishwa kutoka baridi kwenda joto haitadanganyika: tofauti ikibaki ile ile, mashine ni nzima, ni hewa tu iliyobadilika.

Tofauti ikipanda polepole mwezi baada ya mwezi, ni vumbi. Ikiruka kwa siku moja, feni imesimama, au alumini imelegea, pengine kwa misukosuko ya lori wakati wa uhamisho. Mstari wa volti 12, hata kama programu inauonyesha kwa namba isiyo sawasawa, bado husaidia ukitazamwa kwa mwendo wake: ikiwa kila mara umeonyesha namba moja, na sasa kazi ikianza unaanguka kuliko ulivyozoea, hapo ndipo pa kumwita fundi mwenye mita. Betri ndogo ya bodi kuu, yenye volti 3, nayo huonyeshwa na programu nyingi. Ikichoka, saa na tarehe ya mashine hupotea kila izimwapo.

Macho pia ni vipimio. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 bodi nyingi duniani ziliharibika kwa sababu ya kapasita mbovu, zile zinazofanana na makopo madogo zilizosimama juu ya bodi. Kapasita yenye kichwa kilichovimba au kinachovuja imekwisha, hata kama namba zote kwenye kioo ni nzuri.

Pana mambo ambayo programu haiwezi kuyaona. Haioni umeme wa ukutani. Huona tu ule uliokwisha kupitia katika kisanduku cha umeme. Umeme wa nyumba ukiyumba, au jenereta ikisukuma isivyo, walinzi wa ndani wanaweza kuandika kwamba hali ni shwari mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo kiimarisha umeme hakiachwi kwa sababu namba ni nzuri.

Yako na makatazo machache. Kisanduku cha umeme chenyewe kisifunguliwe na asiye fundi; ndani yake mna umeme unaobaki hata baada ya kuchomolewa, nao huweza kuua. Programu mbili za kupima zisiwashwe kwa wakati mmoja, maana zaweza kugongana kwa mlinzi mmoja na kuleta majibu ya ovyo. Programu nyingine huruhusu mtu kupunguza mwendo wa feni ili kelele ipungue. Heri kelele kuliko moshi. Kompyuta ya kubeba mkononi isiwekwe juu ya godoro au blanketi, kwa kuwa matundu yake ya hewa yako chini. Na kompyuta ya ofisi, iwe ya kituo cha polisi au ya kambi ya jeshi, si mali ya mtumishi: isitiwe programu yoyote, hata ya kupima joto, bila ya idhini ya mkubwa anayehusika.

Karo ya kijana yule ililipwa juma lililofuata. Fundi wa mjini hakutukanwa. Huenda kisanduku kama hicho amekikuta kimekufa mara nyingi, akadhani na hiki ni kimojawapo. Kosa lake lilikuwa kuhukumu kwa mazoea.

Daftari linaning'inia mpaka leo kwenye msumari, kando ya kipimajoto cha ukutani ambacho mzee hakukidai tena. Katika ukurasa wa kwanza kijana aliandika tarehe, akapiga mstari chini ya namba 41, na chini yake mama akaongeza kwa kalamu yake: "Ikifika 50, brashi."

*Juma lijalo: Pasi ya umeme na waya wake.*